Nguyen: Mkimbizi wa boti aliyetwaa taji la poka duniani

Na Mwandishi Wetu

KUNA video moja ya zamani ambayo vijana wa mpakani wanatumiana kwenye simu. Inaonyesha meza ya karata iliyozungukwa na watazamaji. Upande mmoja amekaa mwanaume wa Kiasia mwenye nywele nyeusi ndefu, mikufu ya dhahabu shingoni na chupa ya bia karibu na mkono wake. Upande wa pili Mzungu mmoja ameinamia karata zake mbili, hajui la kufanya. Yule wa kwanza anamwambia, kwa Kiingereza cha ukubwani, maneno ambayo kwa lugha yetu ni kama haya: "Ukinifuata, mambo yamekwisha, baby!"

Mzungu anafuata. Mambo yanakwisha kweli. Dola milioni moja za Marekani zinapata mwenyewe.

Kijana aliyenionyesha video hiyo nilimfundisha hesabu darasa la sita. Siku hizi anabadilisha fedha mpakani Mugina, upande wa pili wa Manyovu, na mkono wake ni mwepesi kwenye noti kuliko ulivyokuwa kwenye mafungu ya sehemu. "Shikamoo mwalimu," alinisalimu, kisha akaniwekea simu usoni. "Huyu jamaa kapata milioni kwa neno moja. Mimi tangu asubuhi niko juani nahesabu fedha za watu." Aliniuliza kama kazi hiyo mtu anaweza kujifunza. Vijana wenzake wawili waliokuwa karibu wakanyamaza kusikiliza jibu, na hapo nikajua swali halikuwa la mzaha.

Nilimwambia anipe muda nimtafutie habari kamili. Habari yenyewe imekuwa ndefu kuliko mazungumzo ya barabarani, na nimeona niiandike hapa, maana wanaouliza swali hilo si yeye peke yake.

Kutoka Nha Trang

Jina lake halisi ni Thuan Nguyen. Wamarekani wanamwita Scotty. Alizaliwa Oktoba 28, 1962 huko Nha Trang, mji wa pwani ya Vietnam ya kusini. Jina la Nguyen lisimchanganye msomaji. Wavietnam wenye jina hilo ni wengi mno, na katika poka peke yake wapo mabingwa kadhaa wanaolitumia bila undugu wowote kati yao.

Alikuwa na miaka 12 wakati mji wa Saigon ulipoanguka Aprili 30, 1975 na vita virefu vya Vietnam vikafikia tamati. Baada ya hapo familia nyingi za kusini zilianza kuwatoa watoto wao kwa njia ya bahari, usiku, katika boti za uvuvi ambazo hazikutengenezwa kwa safari ndefu. Nguyen akiwa na miaka 14 alipanda boti ya namna hiyo pamoja na mdogo wake. Walielea baharini siku nyingi hadi chakula kikawaishia. Waliishia Taiwan, wakawekwa katika kambi ya wakimbizi, na mwaka 1979 wakapokelewa Marekani.

Kati ya mwaka 1975 na 1995 Wavietnam karibu 800,000 walifika nchi nyingine kwa boti wakiwa hai. Waliokufa majini kwa njaa, dhoruba na maharamia hakuna aliyeweza kuwahesabu sawasawa. Nguyen hakuwa peke yake katika kundi hilo aliyeishia kwenye meza za karata. Men Nguyen, ambaye si ndugu yake, alikimbia pia kwa boti, akafanya kazi kiwandani Los Angeles, baadaye akatwaa bangili saba za dhahabu katika mashindano ya dunia. Wavietnam aliowafundisha mchezo huo ndio waliompa jina la Bwana Mkubwa.

Kwa nini wakimbizi na karata? Wako watakaosema ni tabia ya watu fulani. Mimi sikubaliani. Niliyesoma shule kambini, upande wa Tanzania, najua kwamba mahali ambapo huruhusiwi kulima kama unavyotaka, huruhusiwi kusafiri, na siku yako nzima ni kungoja, karata ni kitu cha kwanza kutoka mfukoni. Tulichezea sabuni ya mgao. Mzee mmoja wa kijiji chetu alikuwa na vipande thelathini vya sabuni chini ya kitanda na hakuna aliyemwonea wivu, maana tulijua mgao ujao atavitoa vyote. Kilichotuudhi ni mtu aliyechezea sabuni ya mwenzake bila kumwambia. Msomaji alikumbuke hilo la sabuni ya mwenzake, tutalirudia.

Mgawa karata

Akiwa na umri wa miaka 21 hivi, Nguyen alikuwa Las Vegas, mji wa jangwani katika jimbo la Nevada unaoishi kwa kasino, akifanya kazi ya kugawa karata. Mgawa karata hachezi. Anakaa katikati ya meza zamu nzima, anachanganya, anagawa, anakusanya madau na kumsukumia aliyeshinda. Sehemu kubwa ya kipato chake ni bakshishi. Lakini anaona kila kitu: nani mkono unamtetemeka anapokuwa na karata nzuri, nani anaongea sana anapodanganya, nani amelewa na bado anacheza vizuri. Kwa kijana asiye na cheti wala jamaa mjini, kiti kile kilikuwa chuo. Baada ya zamu alichukua bakshishi yake akaenda kukaa upande wa wachezaji.

Kwa wasioujua, mchezo uko hivi. Kila mchezaji anapewa karata mbili za siri. Mezani zinafunuliwa tano ambazo ni za wote: kwanza tatu kwa pamoja, kisha moja, kisha ya mwisho. Kila mmoja anatafuta mkono bora wa karata tano kutokana na hizo saba. Kabla na baada ya kila ufunuo watu wanaweka dau. Unaweza kulifuata dau la mwenzako, unaweza kulipandisha, au unaweza kuzitupa karata zako na kusalimisha ulichokwisha weka. Wote wakitupa akabaki mmoja, anachukua fedha zote bila kuonyesha ana nini. Ndiyo maana mtu anaweza kushinda bila karata yoyote ya maana, kwa kupiga mkwara tu.

Hapo ndipo poka inapotofautiana na mashine za kutumbukiza sarafu, au na mikeka ya mpira ambayo vijana wetu wanaijaza kila Ijumaa. Kwenye mashine na mikeka unacheza na mwenye duka, naye amekwisha panga hesabu ili mwisho wa mwezi abaki juu. Kwenye poka mwenye kasino hachezi. Anachukua ushuru wake katika kila fungu la fedha au katika ada ya kiingilio, kama manispaa inavyochukua ushuru wa soko, na wachezaji wanaachiwa wanyang'anyane wenyewe. Mjuzi anaweza kweli kuwazidi wengine kwa miaka mingi. Lakini kwa sababu ushuru unatoka kila siku, wote mezani kwa jumla wanapoteza, na anayepata anapata kutoka mfukoni mwa jirani yake. Bado ni kamari. Padri na imamu watasema yao, nami siwapingi.

Theluthi ya Matusow

Mashindano makubwa kuliko yote ya mchezo huu ni World Series of Poker, yaliyoanzishwa mwaka 1970 na Benny Binion katika kasino yake ya Horseshoe, Las Vegas. Kilele chake ni shindano kuu ambalo kiingilio ni dola 10,000 tangu mwaka 1972. Bingwa anapata fedha na bangili ya dhahabu. Wachezaji wanaihesabu bangili hiyo kama wanajeshi wanavyohesabu nyota begani.

Mwaka 1997 Nguyen alikwisha pata bangili yake ya kwanza katika shindano dogo zaidi. Hata hivyo ilipofika Mei 1998 hakuwa na dola 10,000 za kuingilia shindano kuu. Mtu anayesoma habari za mabingwa anaweza kushangaa, lakini mfanyabiashara hatashangaa. Ni mara ngapi umemwona mtu ana jina sokoni, ana duka, ana wateja, na hana mtaji wa kuleta mzigo wiki hii?

Njia ya asiye na kiingilio ni mashindano madogo ya kufuzu. Watu kumi, kwa mfano, wanaweka dola 1,000 kila mmoja, na atakayewashinda wengine anapata nafasi ya dola 10,000. Hata hizo Nguyen alitafutiwa. Mchezaji mwenzake, Mike Matusow, alimwekea fedha za mashindano ya kufuzu kwa makubaliano kwamba atapata theluthi moja ya chochote kitakachopatikana mbele. Nguyen alifuzu. Matusow akakaa pembeni kama mwenye mzigo anayengojea lori livuke kizuizi.

Waliolipa kiingilio mwaka ule walikuwa 350. Piga hesabu: ni dola milioni tatu na nusu mezani, milioni moja ikiwa ya bingwa na dola 687,500 za wa pili. Wengi wao walitoka mikono mitupu. Siku ya mwisho alipotoka T. J. Cloutier, mkongwe kutoka Texas aliyeshika nafasi ya tatu, walibaki Nguyen na Kevin McBride, mchezaji wa ridhaa.

Sasa turudi kwenye ile video, maana inatazamwa sana na kueleweka kidogo. Karata tano za mezani zilikuwa zimefunuliwa zote: nane tatu na tisa mbili. Huo peke yake ni mkono mkubwa, watatu wanaofanana pamoja na jozi, na ni wa wote wawili. McBride alikuwa ameshika malkia na kumi, ambazo hazikumsaidia chochote. Mkono wake ulikuwa ule ule wa mezani. Nguyen alikuwa ameshika jeki na tisa. Kwa tisa hiyo alikuwa na tisa tatu na nane mbili, mkono unaoushinda ule wa mezani.

Angalia mtego ulivyokaa. Nguyen alisukuma sarafu zake mbele, dau la kummaliza mwenzake. McBride akifuata, hawezi kushinda kabisa, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kuwa na mkono mdogo kuliko ule ulio mezani kwa wote. Akipiga bahati sana, Nguyen atakuwa anapiga mkwara na watagawana nusu kwa nusu. Akikosa bahati, ametoka. Akitupa, anaacha fedha zilizo katikati lakini anabaki hai na sarafu chache. Mtu aliyetulia angezitupa, au angalau angefikiri kwa muda mrefu.

Nguyen hakumpa nafasi ya kutulia. Ndipo alipomwambia kwamba akifuata mambo yamekwisha. Lilikuwa neno la kweli tupu, limesemwa kwa sauti ya mtu anayetania, kwa namna ambayo mwenzake akaona aibu kulikimbia. McBride akasema anafuata, anacheza karata za mezani. Wachuuzi wanaijua mbinu hii: unamwambia mteja ukweli, "bei hii mimi napata faida sana, usinunue," naye ananunua.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa mwanafunzi wangu ni kwamba neno lile moja lilikuwa na miaka kama kumi na mitano nyuma yake, ya kukaa mezani na kutazama nyuso. Na jibu la pili ni kwamba hakupata milioni. Theluthi ya Matusow ni dola 333,333. Ilibaki 666,667, na kodi ya mapato ya serikali kuu ya Marekani ilikuwa haijatolewa. Nevada kama jimbo haitozi kodi ya mapato, lakini serikali kuu inatoza fedha za kamari kama inavyotoza mshahara.

Siku iliyofuata baada ya ushindi, mmoja wa kaka zake Nguyen aligongwa na gari akafa. Tangu hapo Nguyen hajawahi kuivaa bangili ya mwaka 1998. Anazo nyingine, hiyo haivai.

Mauzo si faida

Ukitafuta kumbukumbu za mchezo huu utaona Nguyen ameandikiwa zaidi ya dola milioni 12 kutokana na mashindano katika maisha yake. Mwaka 2001 alitwaa bangili mbili katika mwaka mmoja. Januari 2006 alishinda shindano kubwa la World Poker Tour huko Mississippi na kulipwa dola 969,421. Kijana wa mpakani akiziona tarakimu hizo, kichwa kinamzunguka.

Lakini yeyote aliyewahi kuvusha mzigo anajua tofauti ya mauzo na faida. Orodha zile zinaandika zawadi tu. Haziandiki viingilio vilivyopotea, hoteli, ndege, wala sehemu za wenye mtaji. Tuchukue mchezaji wa kubuni tu: anaingia mashindano hamsini kwa mwaka, dola 5,000 kila moja, hizo ni dola 250,000. Anafanya vizuri katika mawili, analipwa jumla 300,000. Magazeti yataandika kapata laki tatu. Kwa kweli amebakiwa na elfu hamsini, kabla ya kula na kulala. Na kama nusu ya mtaji ilikuwa ya mtu mwingine, nusu ya hizo nazo si zake. Mwakani akikosa hayo mawili, atakuwa na deni, na orodha haitaonyesha kitu. Itaonyesha zile zile laki tatu za mwaka jana.

Hili la mtaji wa watu linastahili maelezo kwa sababu ndilo linaloendesha kazi nzima na halionekani kwenye video. Wachezaji wengi wa kulipwa hawachezi kwa fedha zao peke yao. Yuko mwenye mtaji anayeweka viingilio vyote, na mchezaji akishinda wanagawana. Akishindwa, hasara inaandikwa. Akija kushinda, kwanza anafidia hasara zote za nyuma, ndipo wanagawana kinachobaki. Mtu anaweza kushinda laki moja hadharani, akapigiwa makofi, na asiondoke na hata senti kwa sababu laki nzima imeziba shimo la miezi iliyopita. Wengine wanabadilishana vipande: mimi nikupe asilimia tano yangu, wewe unipe tano yako, atakayefika mbele amkumbuke mwenzake. Ukiona mchezaji aliyekwisha toka amesimama pembeni anamshangilia mpinzani wake kwa nguvu, usidhani ni upendo mtupu.

Na mara nyingi mambo hayo hayana karatasi. Ni neno la mdomo kati ya watu wawili kwenye korido ya kasino, wakati mwingine kwa kupeana mkono tu. Jina la mtu ndilo dhamana yake. Akila fungu la mwenzake mara moja, hapati tena wa kumwekea, hata awe hodari namna gani.

Mwaka wa wakimbizi wawili

Mchezo ulipanuka ghafla baada ya mwaka 2003, mhasibu wa Tennessee aitwaye Chris Moneymaker alipofuzu kupitia intaneti na kushinda dola milioni mbili na nusu. Kutoka wachezaji 350 wa enzi za Nguyen, mwaka 2006 walifika 8,773. Mabingwa wa zamani walianza kumezwa na umati.

Mwaka 2007 wachezaji walikuwa 6,358 na Nguyen alipenya hadi kumi na moja wa mwisho. Zilibaki hatua chache afike meza ya mwisho kwa mara nyingine, miaka tisa baada ya ushindi wake. Akatoka wa kumi na moja, na dola 476,926. Wanaompenda wanasema ile ilikuwa nafasi yake kubwa ya kurudia historia.

Aliyeshinda mwaka huo alikuwa mkimbizi pia. Jerry Yang ni wa kabila la Hmong, alizaliwa Laos. Familia yake ilikimbia baada ya vita vile vile, ikavuka kwenda Thailand, ikakaa kambini, kisha Marekani. Alisoma saikolojia, akafanya kazi ya ustawi wa jamii ya kuwatafutia malezi watoto wasio na wazazi. Poka alikuwa ameicheza miaka miwili tu. Alifuzu kwa kiingilio cha dola 225 na akaondoka na dola milioni 8.25. Aliahidi asilimia kumi kwa mashirika ya hisani. Baadaye akafungua mgahawa huko California.

Mwaka 2013 mamlaka ya kodi ya Marekani iliikamata bangili yake ya ubingwa na kuipiga mnada, kwa deni la kodi la zaidi ya dola 570,000.

Sisemi hivi kumcheka Yang. Nimekutana na watu waliorudi nyumbani na kifurushi cha kuwasaidia kuanza maisha, ambao ndani ya miezi sita hawakuwa nacho, na hawakuwa walevi wala wajinga. Walikuwa na ndugu wengi na hawakuwahi kushika fedha nyingi kwa mkupuo. Fedha ya mkupuo ina namna yake, kama maji ya mvua ya kwanza, na hakuna shule ya kambini wala ya mjini iliyotufundisha kuishika. Tofauti kati ya Yang na Nguyen ni kwamba Nguyen alikuwa amekwisha ipata na kuipoteza mara kadhaa kabla ya mwaka 1998. Akishuka, alijua njia ya kurudi mezani. Sijui kama huo ni ushindi, lakini ndio unaoitwa kazi ya kulipwa.

Usiku aliojiaibisha

Mwaka 2008 Nguyen alishinda fedha nyingi kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yake. Lilikuwa shindano la kiingilio cha dola 50,000, ambalo wachezaji wenyewe waliliheshimu kuliko lile kuu, kwa sababu wakati huo lilichanganya aina tano za poka na umati wa bahati nasibu haukuingia. Waliingia 148. Nguyen akawa wa kwanza, dola 1,989,120, na akawa mtu wa kwanza kutwaa mataji yote mawili, lile kuu na hili. Kikombe kilikuwa na jina la Chip Reese, mchezaji aliyefariki Desemba 2007 na aliyesifika kwa ustaarabu mezani.

Ilikuwa mbele ya kamera za televisheni, na Nguyen alikuwa amelewa. Bia ile ile iliyokuwa kama pambo lake mwaka 1998 safari hii ilimshinda. Aliwatukana wenzake, alimdhihaki kijana Michael DeMichele aliyekuwa anapigania naye taji, alifoka, alidai vinywaji. Mashabiki waliomwita mwana wa mfalme wa poka waliona mtu mwingine kabisa. Baadaye aliomba radhi hadharani.

Nimeitazama na video hiyo pia. Mwanafunzi wangu hana hiyo kwenye simu yake, na nadhani hakuna anayemtumia. Ndani yake nilimwona mtu niliyemfahamu, si yeye bali wa namna yake: mtu aliyefika mbali sana kutoka alikotoka, aliyetakiwa kuwa mchangamfu kila mara watu wanapomtazama, akachoka. Hilo si udhuru. DeMichele hakumkosea kitu.

Wachezaji wenzake walichukua muda kumsamehe, wengine labda hawakumsamehe. Mwaka 2013, mwaka ule ule bangili ya Yang ilipopigwa mnada, Nguyen aliingizwa katika jumba la heshima la poka pamoja na Tom McEvoy, bingwa wa mwaka 1983. Alikuwa na bangili tano.

Niliporudi Mugina

Nilimsimulia kijana wangu haya yote tukiwa tumekaa kwenye benchi la muuza chapati, yeye akiendelea kuhesabu noti za faranga na shilingi huku akinisikiliza. Nilitegemea ataniuliza zaidi kuhusu karata, tisa tatu na nane mbili. Nilitegemea pia aniulize kama nafikiri ajaribu, na nilikuwa nimeandaa jibu langu la kimwalimu.

Hakuuliza hivyo. Fedha anazobadilisha nyingi si zake. Ni za mama mmoja muuza vitenge na za wafanyabiashara wawili wa samaki wanaomwachia asubuhi na kuzifuata jioni, bila karatasi. Alikaa kimya kidogo, akazifunga noti kwa mpira, akaniuliza:

"Mwalimu, na yule wa theluthi. Alimlipa?"

Nikamwambia alimlipa, yote.

"Basi huyo ni mtu," akasema, akainuka kumpokea mteja aliyekuwa anashuka kwenye basi kutoka Kasulu.